Kibanzi Jichoni

Juma hili twataka kuzungumza nanyi habari ya jambo dogo sana. Ni dogo hata ukilitia katika kiganja cha mkono huenda usilione. Nalo ni kibanzi kiingiacho jichoni. Hakuna mtu asiyelijua jambo hili. Mkulima hulipata shambani, karani hulipata njiani akienda kazini, na mama hulipata jikoni akipuliza moto. Mara nyingi kibanzi hutoka chenyewe pamoja na machozi, na mtu husahau kabla jua halijatua. Lakini si mara zote, na hiyo ndiyo sababu ya kushika kalamu.

Wanaoijua Uasin Gishu wanaijua Kimumu, iliyo kando ya barabara itokayo Eldoret kwenda Iten. Eldoret ilipewa hadhi ya jiji mwaka wa 2024, na nyumba zimezidi kusogea mashambani. Kwa hiyo siku hizi huko Kimumu utaona shamba la mahindi upande mmoja wa njia, na upande wa pili fundi wa kuchomelea milango ya chuma. Nchi yenyewe iko juu, kama futi 7,000 kutoka usawa wa bahari, na upepo wake hauna haya. Miezi ya mavuno ikifika, makapi ya mahindi na ngano huruka kila mahali. Kisha huja ukavu wa Januari na Februari, na vumbi jekundu huinuka nyuma ya kila gari na kila pikipiki. Basi mahali kama hapo, jicho lina kazi ya kujilinda tangu asubuhi hata jioni.

Katika mavuno ya mwaka wa 2023, mzee mmoja jirani yangu alikuwa amesimama karibu na mashine ya kupukuchulia mahindi, akihesabu magunia. Kipande kidogo cha gunzi kiliruka kikampiga katika jicho la kulia. Mzee hakulia, alifumba jicho, akalisugua kwa ngumi, akaendelea kuhesabu. Mkewe alimwita kando akampulizia. Kijana mmoja wa mashine akachukua kijiti cha kiberiti, akakizungushia pamba, akakitia jichoni kama mtu asafishaye chupa. Akatoa kipande cha kapi, akakionyesha watu wote, na watu wote wakafurahi.

Jioni nilipita kumjulia hali. "Shikamoo, Mzee. Jicho laonaje?"

"Marahaba, mwanangu. Kitu kimetoka, nami nimekiona kwa macho yangu. Lakini bado nakisikia kimo ndani."

Neno hilo, wasomaji, lishikeni vema: kitu kimetoka, lakini bado nakisikia. Usiku ule mzee hakulala. Alfajiri alimwita tena yule kijana na kijiti chake, akatafuta kitu ambacho hakikuwapo. Siku ya tatu mtu mwema alimletea chupa ya dawa ya macho iliyosalia katika nyumba ya jamaa yake. Mzee akaitia, wekundu ukapungua, akatuambia kwamba amepona. Siku ya tano alipojitazama katika kioo aliona doa jeupe juu ya mboni, na mwanga wa mlangoni ulimchoma kama sindano. Ndipo alipopelekwa hospitali. Alikaa huko majuma mengi akitiwa dawa kila saa, mchana na usiku. Twashukuru kwamba jicho halikung'olewa. Lakini kovu limebaki, na kwa jicho lile mzee huiona taa kama mtu atazamaye katika ukungu. Gazeti hulisoma kwa jicho la kushoto tu.

Mwaka uo huo, kijana mmoja karani, mpangaji katika mtaa ule ule, alipigwa na changarawe akiwa juu ya pikipiki. Naye alisikia kitu kimo jichoni hata baada ya kuosha. Yeye hakuchokoa. Asubuhi yake saa nne alikuwa mbele ya mganga. Akatiwa tone la rangi ya manjano, akamulikwa kwa taa ya buluu, na mahali palipokwaruzwa pakang'aa rangi ya kijani, pembamba kama uzi. Hapakuwa na kitu chochote ndani. Alipewa marhamu, na siku ya tatu alikuwa mezani pake akiandika kama kawaida.

Watu wawili, maumivu yale yale, na hisia ile ile. Ni nini kilichowatenganisha?

KWA NINI TWASIKIA KITU KISICHOKUWAPO

Mbele ya mboni ya jicho pana utando mwangavu, mfano wa kioo kifunikacho uso wa saa. Unene wake katikati ni kama nusu ya milimita tu. Utando huu hauna mishipa ya damu, kwa maana damu ingezuia mwanga. Lakini una mishipa ya fahamu mingi mno, kupita ngozi ya kidole. Ndiyo sababu chembe ya vumbi ambayo mkono hauisikii, jicho hulisikia kama jiwe.

Sasa fikiri: mtu hupepesa kope zake kama mara 15 kwa dakika moja. Kibanzi hupenda kujificha chini ya ukope wa juu. Kikikaa hapo, kila ukope ushukapo hukikokota juu ya ule utando. Kwa saa moja ni mara 900. Kibanzi kitatoka, ama kwa machozi ama kwa maji, lakini mikwaruzo itabaki. Na mishipa ya fahamu haijui kutofautisha mkwaruzo na kibanzi. Hupeleka habari ile ile kichwani: pana kitu. Kwa hiyo mtu husema, "Hakijatoka," akachokoa tena, na kila achokoapo huongeza mkwaruzo juu ya mkwaruzo.

Mkwaruzo mdogo, ukiachwa safi, huziba wenyewe kwa siku moja mpaka tatu. Lakini ukiwa wazi ni mlango, na vijidudu havibishi hodi. Wakulima wana hatari zaidi, kwa sababu majani, makapi na magunzi huchukua kuvu, yaani namna ya ukungu uotao juu ya chakula kilichooza. Kuvu ikiingia katika ule utando huota polepole, hula kwa siri, na dawa zake ni ngumu kupata na hutumika kwa muda mrefu. Hicho ndicho kidonda cha jicho kilichompata mzee wetu.

Huko Bhaktapur katika nchi ya Nepal, wahudumu wa vijijini walifundishwa kuwatazama majirani waliokwaruzwa macho na kuwatia marhamu ya kuua vijidudu. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2001. Katika wale walioanza dawa kabla ya saa 18 kupita tangu kuumia, hakuna hata mmoja aliyepata kidonda. Bali miongoni mwa waliochelewa, wengine walikipata. Wala dawa yenyewe haikuwa ya ajabu. Ilikuwa marhamu ya kawaida. Kilichowaokoa ni kuwahi.

MAMBO YA KUFANYA

Kitu kikiingia jichoni, jambo la kwanza ni kuuzuia mkono usisugue. Ni vigumu, maana mkono hukimbilia huko wenyewe. Lakini kusugua ni kukikandamiza kibanzi ndani.

Nawa mikono kwa sabuni. Pepesa kope mara nyingi, ukiacha machozi yafanye kazi yake. Kisha shika nywele za ukope wa juu, uvute ukope huo taratibu mpaka uufunike ule wa chini, halafu uuachie. Mara nyingi nywele za chini hufagia kitu kilichojificha juu.

Kama bado kimo, inamisha kichwa upande wa jicho linaloumwa, na mtu akumiminie maji safi yaliyochemshwa na kupoa, kwa kikombe, yakianzia pembe iliyo karibu na pua na kutoka nje. Usifanye haraka, mimina vikombe kadha wa kadha. Baadaye vuta ukope wa chini utazame. Ukikiona kibanzi juu ya weupe wa jicho au ndani ya ukope, waweza kukigusa kidogo kwa ncha ya kitambaa safi kilicholowa, nacho kitashikamana. Lakini ukikiona juu ya ile sehemu nyeusi, usikiguse kabisa. Hiyo si kazi ya nyumbani.

Baada ya hapo, ngoja. Kama maumivu yanapungua saa hata saa na macho yaona vizuri, ni dalili njema. Lakini kukipambazuka kesho yake na bado wasikia kitu, usiseme, "Nitastahimili." Tumefundishwa kwamba mstahimilivu hula mbivu, nasi twaamini, lakini katika jambo la jicho, mstahimilivu huweza kupata chongo. Nenda zahanati au hospitali siku iyo hiyo. Wakazi wa Kimumu hawako mbali na Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi mjini Eldoret. Na kama jicho limepigwa na jani, gunzi, mwiba au kijiti, usingoje hata hiyo kesho.

MAMBO YASIYOFAA

Usitie kijiti cha kiberiti, wala unyoya, wala ncha ya kalamu. Usikubali mtu alambe jicho lako kwa ulimi, hata kama ni bingwa wa kazi hiyo tangu zamani; kinywa cha mwanadamu kina vijidudu vingi. Usitie maziwa ya mama, maji ya majani, asali, wala mkojo. Wazee wetu walitumia walichokuwa nacho, wala hatuwalaumu. Lakini sisi twajua leo kwamba vitu hivyo huleta ndani ya mkwaruzo uchafu uleule tunaoukimbia.

Tena, msomaji, jihadhari na chupa ya dawa iliyosalia. Ziko dawa za macho ambazo huondoa wekundu upesi kwa kuunyamazisha mwili usipigane. Zina kazi yake zikiagizwa na daktari kwa ugonjwa uliopimwa. Lakini zikitiwa katika jicho lenye kuvu, jicho hupendeza kwa nje huku kuvu ikiota kwa raha ndani. Huenda ndiyo iliyomdanganya mzee wetu siku ile ya tatu. Vivyo hivyo, yale matone ya ganzi ambayo daktari hutia wakati wa kutazama si dawa ya kwenda nayo nyumbani. Huondoa maumivu, lakini yakitumika mara kwa mara huzuia mkwaruzo usizibe.

MAUMIVU SI KIPIMO

Tumesema kwamba jicho laweza kuuma sana na kitu kisiwemo. Sasa twasema kinyume chake: kitu chaweza kuwamo na jicho lisiume sana. Fundi apigaye nyundo juu ya patasi, au akataye chuma kwa mashine, huweza kurukiwa na chembe ya chuma yenye mwendo mkali mno. Chembe hiyo hupenya ule utando ikaingia ndani kabisa ya jicho, na fundi husikia kama amepigwa na mchanga tu. Kisha husikia nafuu. Baada ya siku au miezi, chuma hutoa sumu yake ndani na kuua uwezo wa kuona. Basi fundi yeyote aliyesikia kitu kimempiga jichoni wakati wa kupiga nyundo au kukata chuma, na aende hospitali siku iyo hiyo, hata kama haumwi, na amweleze daktari alikuwa akifanya kazi gani. Na ikiwa chembe imenasa juu ya utando bila kupenya, huanza kushika kutu upesi, na kutu hiyo huacha alama ya mviringo inayopasa kuondolewa na mwenye ujuzi.

Kama kitu kimechoma jicho nacho chaonekana kimesimama, usikichomoe, usilioshe jicho, wala usilikandamize. Lifunike kwa kikombe cha karatasi bila kugusa jicho lenyewe, ukifunge kwa kitambaa, umpeleke mgonjwa mara moja.

Lakini kama ni chokaa, saruji, maji ya betri, dawa ya kuogeshea ng'ombe au dawa ya kunyunyizia mimea, hapo mambo ni mengine. Usikimbilie hospitali kwanza, kimbilia maji. Tumia maji yaliyo karibu, hata kama hayakuchemshwa, ulioshe jicho kwa muda wa nusu saa ukiwa umelifumbua kwa vidole, ndipo uende. Katika jambo hili kila dakika ina thamani yake, na chokaa ni mbaya kuliko tindikali nyingi, kwa sababu haikomi juu bali huzidi kuzama.

HISIA ISIYOKWISHA

Wako wasomaji watakaosema, "Mimi nasikia mchanga jichoni kila siku, wala sijapigwa na kitu." Hao nao wana neno lao. Pengine ni ukavu: hewa kavu ya nchi ya juu, moshi wa kuni, na, kwa makarani, kutazama kompyuta au simu muda mrefu bila kupepesa kope. Pumzisha macho mara kwa mara, utazame mbali, upepese kope. Na hali ikizidi, mwone mganga.

Pengine ni nywele za kope zenyewe. Katika ugonjwa wa vikope, unaoambukizwa kwa mikono, vitambaa na nzi, ukope hupata makovu kwa miaka mingi mpaka ukajikunja ndani, na nywele zikaparuza jicho usiku na mchana. Zamani ugonjwa huu ulipofusha watu wengi katika nchi kavu kama Turkana, Pokot Magharibi na Baringo. Kwa dawa, upasuaji mdogo wa kope, na kufundisha watu kunawa uso, Kenya ilipigana nao, na mwaka wa 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba si janga tena kwa umma wa nchi hii. Lakini mzee aliye na kope zilizojikunja tangu ujana wake bado anahitaji kupasuliwa. Asiambiwe kwamba ni uzee tu.

Na wakati wa mvua, yuko mdudu mwembamba, mwekundu na mweusi, aitwaye nzi wa Nairobi, ingawa yeye si nzi bali ni wa jamii ya mbawakawa. Haumi wala hachomi kwa mwiba. Akipondwa juu ya ngozi hutoa maji makali, na mtu akijisugua macho kwa mkono uleule, jicho huvimba na kuwaka. Akikutulia, mpeperushe, usimponde. Kisha osha mahali hapo kwa sabuni.

KINGA

Kinga ni bora kuliko tiba, na hapa kinga yenyewe ni rahisi. Mwenye mashine ya kupukuchulia mahindi na awape watumishi wake miwani ya kinga, wala watoto wasisimame mahali makapi yanaporukia. Fundi wa kuchomelea ana kioo cheusi cha kuzuia mwanga; na avae pia miwani miangavu anapokata na kusugua chuma, kwa maana hapo ndipo chembe zirukapo. Mpanda pikipiki na ashushe kioo cha kofia yake. Avunaye ngano na akae upande upepo unakotoka.

Jirani yangu bado analima. Katika mavuno yaliyofuata nilimkuta kando ya mashine ileile, amevaa miwani mikubwa ya plastiki, na vijana wote watatu wamevaa kama yeye. Watu wapitao njiani walikuwa wakicheka.

"Waache wacheke, mwanangu," aliniambia. "Wana macho mawili. Ila wewe uandikaye gazetini, waandikie kwamba kibanzi changu kilitoka siku ile ile. Kilichoniharibia jicho si kibanzi. Ni kukitafuta."

Nami nimeandika kama alivyoniagiza. Mdharau mwiba mguu huota tende, nasi twaongeza: na mchokoa jicho huchokoa nuru yake. Kateni kipande hiki cha gazeti, mkibandike karibu na mashine au mlangoni pa karakana, mahali ambapo mwenye kuumia ataweza kusomewa na mwenzake. Juma lijalo, Mungu akitujalia, tutazungumza habari za moshi wa jikoni na kifua cha mtoto.